Mazungumzo ya Nyumbani: Babu na Mfongo Wake

Mwezi wa Novemba ni mwezi wa marehemu wetu. Tarehe 2 twakwenda makaburini, twang'oa magugu, twawasha mishumaa, na padre hunyunyiza maji ya baraka. Ni desturi njema, tusiiache. Lakini leo nataka niwaulize swali moja, na kila mtu ajijibu moyoni mwake: ukisha kurudi nyumbani kutoka kaburini kwa babu yako, wamkumbuka kwa jambo gani?

Mmoja atajibu: "Picha yake ipo ukutani." Mwingine atasema: "Mwanangu wa kwanza nimempa jina lake." Wa tatu atasema: "Sisi tumemjengea kaburi la vigae, kila apitaye hulitazama." Haya yote si mabaya. Ila mimi nasema hayatoshi. Babu aliyefanya kazi kwa mikono yake maisha yake yote hakumbukwi vizuri ila kwa kuitunza kazi ile. Na kama kazi yenyewe imepita, basi kwa kuushika mwenendo alioufanyia kazi.

Huenda utaniuliza: "Mwenendo wa kazi ni kitu gani?" Ili nisikujibu kwa maneno matupu, nitakueleza habari za babu yetu sisi. Si kwamba alikuwa mtu mkuu. Hakupata kuwa mangi, wala katekista, wala karani. Jina lake halimo katika kitabu chochote, ila katika daftari la ubatizo la misioni na katika daftari la chama cha ushirika. Lakini nadhani wewe pia ulikuwa na babu kama huyu, na ukisoma ya wangu utayakumbuka ya wako.

KIHAMBA NA KAHAWA

Babu alikuwa mkulima wa kahawa, upande wa Vunjo, kwenye mteremko wa kusini-mashariki wa Mlima Kilimanjaro. Kwa ninyi ambao hamjafika kwetu, yafaa nieleze kidogo. Shamba la nyumbani kwetu huitwa kihamba. Juu kabisa imesimama miti mirefu ya kivuli. Chini yake migomba. Chini ya migomba miti ya kahawa. Na chini ya kahawa magimbi na maharagwe. Nyumba i katikati, zizi li kando yake, na samadi ya zizini hurudi kwenye migomba. Kihamba si kikubwa. Wengi leo hawana hata eka mbili. Humo mtoto huzaliwa, humo hulelewa, na mzee akifa huzikwa humo humo. Kwa hiyo kwetu kuuza kihamba si sawa na kuuza kiwanja cha mjini.

Kahawa yenyewe si mmea wa asili ya mlima. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misioni ya Kilema mwaka 1890, nao wakapanda kahawa kabla karne ile haijaisha. Baada ya Vita Kuu ya kwanza wananchi wakaanza kuipanda kwa wingi katika vihamba vyao. Walowezi wengi hawakupendezwa na jambo hilo. Walisema kahawa ya wananchi italeta magonjwa katika mashamba yao. Tena waliogopa kukosa vibarua, maana mtu aliye na kahawa yake haendi kuchuma ya mwingine. Wakulima nao hawakukubali kukatazwa. Mwaka 1925 waliungana wakafanya chama cha wapanda kahawa wa Kilimanjaro, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, ambacho habari zake zilienea Afrika nzima.

Babu alikuwa katika kizazi kile. Alipanda miche yake ya kwanza akiwa kijana, akiiga wenzake waliomtangulia. Kazi ya kahawa yataka mtu asiye na haraka. Mche huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa. Yapasa kuupogolea, kuupalilia, kuufunika shina kwa majani makavu, kuutilia samadi. Kisha hufika msimu wa kuchuma, nao una kazi kuliko yote, maana matunda ya mti mmoja hayaivi siku moja. Hurudi kwenye mti ule ule mara tatu, mara nne, hata zaidi, ukichuma yaliyokuwa mekundu tu na kuyaacha mabichi yangoje siku yao.

Hapo ndipo sisi wajukuu tulipomjua babu. Tulikuwa tukipewa vikapu, kila mtoto na mstari wake. Jioni babu alitandaza mkeka uani akamwaga kikapu cha kila mmoja peke yake. Hakupiga mtu, wala hakupaza sauti. Aliinama tu, akachambua punje moja moja: nyekundu huku, za kijani huku, zilizotobolewa na wadudu huku. Aliyejaza kikapu kwa kuchanganya mabichi aliketi pale akichambua pamoja naye mpaka taa ikawashwa, wenzake wakisha kula. Ukiuliza kwa nini punje mbili tatu za kijani ziharibu usingizi wa mtoto, alijibu: "Mnunuzi haijui sura yangu. Anijua kwa kahawa yangu tu." Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Babu aliamini hivyo, na hakupata kubadilika.

Usiku ule ule kahawa humenywa, maana ikilala na ganda lake nyekundu huharibika. Mashine ya kumenyea ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, nayo ilikuwa moja kwa nyumba kadhaa. Mmoja anazungusha, mmoja anamimina kahawa, mmoja anatia maji. Kisha buni huvundikwa siku moja au mbili ili ute wake ulegee, ikaoshwa mpaka utelezi utoke wote. Ukiisugua kwa viganja waisikia inakwaruza kama changarawe. Halafu huanikwa juu ya kichanja, ikageuzwa mara nyingi kwa siku, ikafunikwa jua likiwa kali mno na mvua inapotishia. Mwisho wa yote, kilo sita hivi za kahawa mbivu hutoa kilo moja tu ya kahawa safi. Hesabu hiyo yatosha kumfundisha mtu unyenyekevu.

MAJI YANA WENYEWE HUKO CHINI

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka hasa mlishike. Maji yetu ya kumwagilia, na zamani hata ya kunywa, yalitoka kwenye mifongo. Mfongo ni mfereji uliochimbwa kwa mikono, unaochukua maji ya kijito huko juu na kuyapitisha kandokando ya mlima mpaka vihambani. Mingine ina umri mkubwa sana. Waliochimba hawajulikani tena ila kwa jina la ukoo. Penye bonde waliweka magogo yaliyochongwa yakawa daraja la maji. Walifanya hivyo bila vyombo vya wapimaji, kwa jicho na kwa subira.

Mfongo si mali ya mtu mmoja. Una mzee wake, una zamu zake, una sheria zake. Nyumba hii hupata maji asubuhi, ile jioni. Kila mwaka watu wa mfongo hupanda pamoja na majembe kuzibua, kukata mizizi, kuziba penye nyufa. Na asiyefika hutozwa faini. Babu alikuwa mzee wa mfongo wetu kwa miaka mingi. Hakuna mshahara katika kazi hiyo. Kuna kuamka usiku mvua ikinyesha, kwenda kuona kama ukingo haujabomoka. Na kuna kulaumiwa na watu wote wakati wa kiangazi.

Basi sikilizeni. Maji ya kuoshea kahawa ni machafu. Yana ute, yananuka, na yakiingia katika maji ya kunywa huyaharibu. Wengi wa siku zile waliyamwaga palipo karibu, na palipo karibu ni mfongoni. Babu alichimba shimo kubwa nyuma ya migomba, akawa anatuamuru tuyabebe maji yale kwa ndoo mpaka shimoni. Ilikuwa kazi ya kuchosha, hasa usiku wa manane wakati mikono imekwisha kuvimba kwa kumenya. Siku moja mmoja wetu alisema: "Babu, huko chini wao hawatajua ni nani aliyeyamwaga." Babu akajibu maneno machache tu: "Maji yana wenyewe huko chini." Kisha akachukua ndoo yeye mwenyewe, akiwa mzee wa mvi, akatangulia.

Tazama sasa, msomaji. Wale wa chini hawakumwona. Hawakumshukuru. Wengi hawakujua kama shimo lile lipo. Ndiyo maana nasema mwenendo wa kazi hujulikana mahali ambapo hapana mtu anayetazama. Uaminifu wa mbele ya mizani, karani akiangalia, si mgumu sana. Uaminifu wa usiku, ndoo mkononi, ndio unaompima mtu.

JANI LA ISALE

Msidhani kwamba babu alikuwa malaika. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa juu ya maji. Mwaka mmoja wa ukame jirani yetu wa upande wa chini alipanda usiku akafungua maji nje ya zamu, akayageuzia kwake. Asubuhi yake miche midogo ya mjane mmoja, aliyekuwa azipate zamu zile, ilikuwa imenyauka. Babu aliposikia alikwenda kwa jirani akamwambia maneno makali mbele ya watoto wake, na toka siku ile wazee wale wawili hawakusalimiana. Waliketi katika kanisa moja, benchi mbalimbali. Wakakutana njiani, kila mmoja akatazama migomba. Hali hiyo ilidumu miezi mingi, na sisi watoto wa nyumba zile mbili tukakatazwa kucheza pamoja.

Kwetu tunao mmea uitwao isale, ambao hupandwa mipakani na penye makaburi. Mtu aliyekosa akitaka kusamehewa, huchukua jani la isale akamletea aliyemkosea. Naye aliyeletewa hana budi kusamehe, hata kama kosa ni kubwa. Siku chache kabla ya Pasaka jirani alikuja jioni, jani mkononi, akasimama mlangoni asiseme neno. Babu alikuwa anakula. Aliacha chakula, akalipokea jani kwa mikono miwili, akamkalisha mgeni kwenye kiti chake mwenyewe, akamwambia bibi alete mbege. Kabla hawajanywa akasema: "Nami nina langu. Sikupaswa kukutukana mbele ya watoto wako." Wakanywa kata moja. Asubuhi yake walikwenda wote wawili na majembe kumpandia mjane miche mipya.

Nimeyaandika haya kwa kuwa wengi wetu huwasifu wazee wetu kana kwamba hawakupata kukosana na mtu. Huko si kuwaheshimu. Mzee asiye na kosa hamfundishi mjukuu kitu, maana mjukuu anayo makosa yake. Tuwakumbuke jinsi walivyogombana, na jinsi walivyopatana.

FEDHA ZA MALIPO YA PILI

Chama cha ushirika kililipa kwa mafungu. Ukipeleka kahawa hupewa malipo ya kwanza. Kahawa ikisha kuuzwa, hupewa yaliyobaki. Malipo ya pili yalikuwa sikukuu kijijini, na wengine, tuseme kweli, waliyamaliza kilabuni kabla jua halijachwa. Babu naye alipenda mbege, lakini siku ya malipo alikwenda nyumbani moja kwa moja. Aliziweka fedha juu ya meza, akamwita bibi, akawaita watoto wake wakubwa, wakagawanya mbele ya watu wote: hii ya shule, hii ya mrututu wa kunyunyizia kahawa, hii ya zaka, hii ya chumvi na mafuta ya taa, na hii ya mjane yule wa juu. Bibi alikuwa na haki ya kusema "haitoshi", na mara nyingi alisema.

Zamani zile wengi walisomesha wavulana, wakasema msichana ataolewa tu. Babu alikuwa na binti mwenye akili nyepesi. Wazee wenzake wakamshauri asitupe fedha. Babu akajibu kwamba binti huyu amechuma kahawa tangu hajafika kimo cha mti, tena hakupata kuchanganya mabichi. Mtu aliyeichuma ada yake mwenyewe, nani atamnyima? Akapelekwa shule kwa masista, akawa muuguzi, akawahudumia wagonjwa mpaka alipostaafu. Huyo ni shangazi yetu, na habari zake zitakuja tena hapa chini.

Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na KNCU ikaondoka pamoja navyo. Vilirudishwa mwaka 1984. Katika miaka ile ya katikati wakulima wengi walikata tamaa, wakaiacha kahawa iingiwe na magugu. Babu alisikitika sana, kwa kuwa chama kile alikuwa amekijenga yeye na wenzake, kilo kwa kilo. Lakini asubuhi ya pili alichukua mkasi wake wa kupogolea akaenda shambani kama kawaida. Alisema mti haujui mambo ya maofisini; unajua kama umepogolewa au haukupogolewa.

Alifariki akiwa amepokea Sakramenti zote, muda mfupi kabla ya mwaka 1989. Mara nyingi nimefikiri kwamba Mungu alimhurumia, maana mwaka ule mapatano ya kahawa kati ya mataifa yalivunjika, na bei ikaanguka vibaya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaanguka tena, hata mkulima akawa hapati gharama ya dawa. Chulebuni na kutu ya majani vikazidi. Katika vihamba vingi kahawa iling'olewa, ikapandwa migomba mitupu, mahindi au nyanya. Wengine waliuza miti ya kivuli kwa mbao. Siwalaumu, mtoto mwenye njaa hali historia. Ila miaka ya 2024 na 2025 bei ya kahawa duniani ilipopanda juu sana, wengi walitazama mahali ilipokuwa miti ya baba zao, wakanyamaza.

KABURI AU MFONGO?

Sasa nieleze jambo lililotokea katika ukoo wetu, maana ndilo lililonifanya niandike. Ninyi mnajua kwamba watu wa kwetu, hata wakiwa mbali namna gani, hurudi mlimani wakati wa Krismasi. Mwaka mmoja, siku ya pili yake, tulikutana kihambani kwa babu. Baba mdogo mmoja, ambaye Mungu amembariki katika biashara, akaleta shauri: tumjengee babu kaburi la vigae, lenye paa na uzio wa chuma. Akataja gharama, na kila nyumba ikapangiwa mchango wake. Wengi wakapiga makofi. Nani atakataa kumheshimu babu?

Shangazi alikuwa ameketi karibu na zizi tupu. Aliomba neno. Akasema: "Ndugu zangu, kwanza twendeni tukatembee." Tukafikiri anataka kutuonyesha mahali pa kaburi. Yeye akatupeleka kwenye mfongo. Mfongo ulikuwa mkavu. Ukingo ulibomoka mahali patatu, takataka za plastiki zimejaa ndani, na mtu amepanda ndizi katikati ya njia ya maji. Akatupeleka kwenye kahawa. Ilikuwa imebaki miti michache, mirefu, yenye matawi makavu, haikupogolewa miaka mingi. Akatupeleka nyuma ya migomba, kwenye lile shimo. Lilikuwa limefukiwa.

Hapo shangazi akasema: "Baba alivaa shati lenye viraka ili mimi nivae sare ya shule. Leo mnataka kumvika vigae, na hapo juu kazi yake yote imekufa? Akifufuka sasa hivi atauliza nini kwanza? Atauliza kaburi, au atauliza maji?"

Maneno yakawa mengi. Baba mdogo alikasirika akasema kwamba anaaibishwa kwa kutaka kutenda mema. Wengine wakasema mfongo hauna faida tena kwa kuwa maji ya bomba yamefika. Wengine wakasema mazungumzo haya ni ya watu wa kijijini, sisi wa mjini tutachangia fedha tu. Usiku ule hatukupatana. Kesho yake asubuhi mjukuu wa jirani yule, jirani wa jani la isale, alifika na jembe begani. Alikuwa amesikia habari, kama habari zisikikavyo kijijini. Akasema: "Babu yangu aliniambia mfongo huu ni wa nyumba zetu mbili. Tunaanza wapi?"

Penye wazee haliharibiki neno, na safari hii neno liliponywa na kijana. Tulikubaliana hivi: kaburi la babu litiwe saruji ya kawaida na msalaba mmoja wenye jina lake, fedha zilizobaki zinunue saruji na mabomba ya mahali palipobomoka, na kahawa ya zamani ikatwe visiki ili ichipue upya, na penye mapengo ipandwe miche ya aina mpya zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, zilizotolewa na watafiti wa kahawa walioko Lyamungu.

Msidhani yote yamekuwa mazuri. Kijito cha juu kimepungua kuliko zamani, na mfongo hupata maji sehemu tu ya mwaka. Miche kadhaa ilikufa kiangazi cha kwanza. Baba mdogo alichukua miaka miwili kabla ya kufika tena kwenye mkutano wa ukoo. Lakini alifika, na safari hii alikuja na wanawe wawili, ambao hawakupata kushika jembe, akawapandisha mfongoni wakazibue pamoja na wenzao. Walirudi na malengelenge mikononi. Shangazi aliyafunga mwenyewe.

BASI TUFANYE NINI?

Wasomaji wapenzi, si kila mmoja wenu anatoka mlimani. Babu yako labda alikuwa mrina asali katika misitu ya Tabora, akijua kila mzinga wake wa magome ulipotundikwa. Labda alikuwa mvuvi wa ziwani, akiurudisha majini samaki mdogo. Labda alikuwa mfua vyuma wa Ufipa, au fundi seremala aliyetengeneza mabenchi mnayokalia kanisani. Kazi ni mbalimbali, swali ni moja. Nami nina mashauri manne.

Kwanza, kama babu yako yu hai, usingoje Novemba. Mwendee wiki hii. Usimpelekee sukari tu. Mpelekee na maswali. Muulize alijifunza kwa nani kazi yake, alikosea wapi, alimlipa nani deni, alipatana na nani. Andika katika daftari, kwa kalamu, tarehe juu. Kumbukumbu ya kichwani huzikwa pamoja na kichwa. Papa Fransisko aliweka mwaka 2021 siku ya kuwakumbuka mababu, mabibi na wazee, Jumapili ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Ana. Fikirini: Injili haikutaja hata majina ya babu na bibi wa Bwana wetu upande wa mama. Hata hivyo, Mama Maria alilelewa na mtu, akafunzwa na mtu.

Pili, kama amekwisha kufa, tafuta kazi yake moja iliyoachwa nusu, uimalize. Si lazima iwe kubwa. Ukingo uliobomoka, mzinga uliooza, benchi lililovunjika mguu, deni alilosahau. Misa ya marehemu iombwe, ndiyo. Na kazi nayo ifanywe. Havishindani.

Tatu, msiache ukoo ugombane juu ya kihamba au shamba mpaka wazee waishe. Ketini mapema, mpaka uonyeshwe, maneno yaandikwe, na mabinti wasisahauliwe. Mmeona katika habari hii ni nani aliyeukumbuka mfongo.

Nne, na hili ni kwa wazazi. Watoto wenu wanawatazama jinsi mnavyofanya kazi. Hawasikilizi sana mashauri yenu, lakini wanaona kama mwachambua punje za kijani au mwazichanganya. Kama mwabeba ndoo mpaka shimoni au mwamwaga palipo karibu. Siku moja wao watakuwa wanaandika habari za babu yao, na babu huyo utakuwa wewe.

Haya basi. Jumapili baada ya Misa, mwite mtoto mmoja, umwonyeshe kitu kimoja alichokifanya babu kwa mikono yake, umweleze alikifanya kwa ajili ya nani. Kisha msali pamoja Baba Yetu mmoja na Salamu Maria moja kwa ajili ya roho yake.

Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.